Mafiga, Ungo na Lori la Ushirika

Kabla sijagusa usukani wa lori lolote, nilikuwa nimekwisha kuendesha ungo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na kurudi, mara nyingi tu, bila kutoka jikoni kwa mke wa Dereva. Namwita Dereva kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Mbinga ilikuwa na madereva wengine, wa serikali, wa misheni, wa wenye maduka, lakini hao walikuwa na majina yao. Ukisema Dereva, hata mtoto anayechunga mbuzi alijua unamsema yule mzee mfupi wa lori la chama cha ushirika, lile lililokuwa likikusanya kahawa milimani na kuteremka ziwani kuchukua usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Nimesema mfupi, na sitaki mtu adhani natia chumvi. Alikalia magunia ya kahawa yaliyokunjwa, moja juu ya jingine, ndipo akaona barabara. Ukikutana na lori lake kwenye kona ulichoona kwanza ni kofia, kisha vidole, kisha lori limeshakupita. Wazee wa Kigonsera walikuwa wakisema lori lile linajua njia lenyewe, na yeye alikasirika sana akisikia hivyo, akasimamisha gari, akashuka na kusogea karibu nao ili wamwone vizuri.

Mimi nilimfikia kwa sababu ya aibu. Natoka Liuli, mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mvuvi, na mtumbwi unanitapisha. Hata ziwa likitulia kama maji ya kwenye sufuria, mimi natapika. Mnyasa anayetapika ziwani ni habari inayotembea mpaka vijiji vya jirani, na dada zangu waliitembeza wenyewe. Nilipomaliza darasa la saba nikaomba nipande milimani kutafuta kazi ya gari. Baba hakunikatalia. Alisema tu, "Nenda. Ila siku nikisikia umekua mtu mzima na bado unafagia gari la watu, utarudi kwenye nyavu, utapike mpaka uzoee."

Kwa hiyo mwelewe jambo hili tangu mwanzo, maana ndilo lililoninyima raha ujana wangu wote. Chama kilikuwa kinangojea lori la pili. Mwenyekiti alisema utingo wa Dereva ndiye atakayepewa hilo lori, hata kama ndevu hazijaota, mradi Dereva mwenyewe asimame mbele ya kamati aseme, "Anaweza." Neno hilo moja tu. Si barua, si cheti. Mimi ndiye niliyekuwa utingo, na nilidhani neno moja ni kitu rahisi kukitoa mdomoni mwa mtu anayesema kutwa nzima.

Maana alisema. Ndani ya kibanda cha lori aliweka sheria ya kimya. Utingo asiongee, abiria asiongee, dereva anasikiliza injini. Basi tukitoka tu Mbinga mjini alianza kunieleza kwa nini kimya ni muhimu, na tulifika ziwani bado anaeleza. Siku moja padri aliyeomba lifti alijaribu kumkumbusha sheria yake kwa upole. Dereva akamjibu, "Baba Padri, mimi siongei, mimi ninafundisha." Padri akatoa rozari yake akasali kimya kimya mpaka mwisho wa safari.

Sasa turudi jikoni. Petroli ya chama haikuwa ya kuchezea, na Dereva alikuwa mtu wa umma kwelikweli. Lori la wakulima halitajifunziwa na mtoto wa Mnyasa, alisema, wakulima wakija kuniuliza nitawaambia nini. Kwa hiyo nilijifunza jioni, moto wa mchana ukiwa umepoa, nimeketi kwenye kigoda mbele ya mafiga ya mke wake. Ungo ulikuwa usukani. Mchi uliosimama ndani ya kinu ulikuwa gia. Mafiga matatu yalikuwa klachi, breki na mafuta. Dereva alisimama mlangoni na kunitajia barabara. "Kona ya kulia. Mbuzi. Mteremko, rudisha gia. Bibi mwenye kuni, punguza. Nimesema punguza, sasa umemgonga." Nilimgonga yule bibi mwenye kuni kwa miezi mingi.

Mkewe alikuwa mama mmoja mpole mwenye maneno machache, na yote yalilenga. Alikaa pembeni na mahindi yake akingoja. "Mkishafika huko mnakokwenda," alisema, "mnirudishie gari langu, nataka kutwanga." Dereva akamwambia asiongee na mtu aliye kwenye usukani.

Kulikuwa na kasoro moja katika gari lile, na hatukuiona. Mafiga hukaa pembetatu. Mama alikataa katakata yasisogezwe, kwa sababu sufuria zake ziliyazoea. Basi klachi ikawa kushoto karibu na mimi, mafuta kulia karibu na mimi, na breki kule mbele kabisa, katikati, pa kunyooshea mguu kama mtu anayepiga mpira. Nikajifunza hivyo hivyo. Siku Dereva aliponiruhusu kwa mara ya kwanza kulisogeza lori lenyewe, uani kwa chama, hatua chache tu, na watu wa kahawa wote wakitazama, nilikwenda vizuri mpaka aliposema breki. Nikanyoosha mguu kwa nguvu zangu zote na kupiga bati la mbele. Nikapiga tena. Lori likaendelea taratibu, bila haraka, likaingia kwenye uzio wa choo cha chama, na karani aliyekuwa humo akatoka na heshima yake mkononi.

Dereva hakunigombeza. Alikwenda nyumbani akayatazama mafiga kwa muda mrefu, akamwambia mkewe, "Gari lako ndilo bovu." Mama hakumpikia siku hiyo.

Heshima ilikuwa dini yake ya pili, baada ya ile ya Jumapili. Kila asubuhi, kabla sijapiga hendeli, ilinibidi nisimame mbele ya lori nivue kofia na kuliamkia. "Hilo limekuzidi umri," alisema. "Limebeba mabwana shamba wa Mwingereza wewe ukiwa unanyonya." Basi nasema, "Shikamoo." Na kwa kuwa lori halina mdomo, yeye aliitikia kwa ajili yake, sauti nzito ikitoka chini ya boneti: "Marahaba. Umelala salama?" Nilimjibu nimelala salama. Siku nilizoamka na hasira nikapiga hendeli bila salamu, injini haikuwaka mpaka nikasalimia. Ninajua leo kwamba alikuwa anaziba kitu mle ndani kwa makusudi. Wakati ule niliamini kabisa.

Kitu kingine, na hiki ndicho kilichowachekesha watu kuliko vyote. Dereva hakuweza kubebwa. Mpe usukani, atakuteremsha mlima wa Mbamba Bay mvua ikinyesha huku akikufundisha kimya. Mweke kiti cha pembeni na mtu mwingine aendeshe, basi ni mtu mwingine kabisa. Mguu wake ulikanyaga sakafu kutafuta breki, mkono ulishika mlango, jasho lilimtoka, kisha akaomba kushuka. Mwenyekiti wa chama aliwahi kumpa lifti kwenye gari lake dogo kutoka Kigonsera. Hawajafika mbali, Dereva akafungua mlango kwenye kona wakati gari linapunguza mwendo, akatoka, akasema asante, akamalizia safari kwa miguu. Alifika jioni akiwa na furaha sana.

Wala tambarare hakuipenda. Amezaliwa na kukulia kwenye kona, na barabara iliyonyooka ilimtia wasiwasi. Tukifika chini ufukweni, pale ambapo njia inakwenda moja kwa moja na ziwa liko pembeni, alianza kupunguza mwendo kama mtu anayeingia nyumba ya ukweni. "Hapa pamenyooka mno," alisema. "Kuna kitu." Nikamwambia, Mzee, hakuna kitu, hapa ni kwetu. "Ndiyo maana," akasema. Mchanga wa Liuli ulimshika kila safari, akakanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia, na mimi nikatia makuti na maganda ya muhogo chini ya tairi kama tulivyozoea kusukuma mitumbwi. Likitoka, alisema injini imejitahidi.

Sasa ikaja ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori la chama likaazimwa kuhamisha watu, na ndani ya lori lile niliona vitu ambavyo sikujua kwamba watu huhama navyo. Milango, ndiyo. Mapaa ya nyasi yaliyofungwa kama mzigo wa kuni, ndiyo. Mtu mmoja alihama na kisiki, akasema amekikalia tangu utoto na huko kijijini hajui watakalia nini.

Siku moja tukatumwa kumchukua bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake mlimani juu ya mashamba yake ya ngoro, yale yenye mashimo ya kushika maji ya mvua. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshambembeleza mpaka amekubali, akatuonya tusimharibie kazi. Tulilala kwa balozi. Asubuhi bibi akashuka na vyungu vyake, kitanda, na tenga lenye kuku aliyekuwa akiatamia mayai, akatukuta kwenye salamu zetu. Mimi nimevua kofia. "Shikamoo." Chini ya boneti: "Marahaba. Umelala salama?"

Bibi akasimama. Akaweka tenga chini. Akamwambia balozi, "Mimi siendi."

"Kwa nini tena, bibi?"

"Kijana ana adabu, amemwamkia mkubwa wake, ingawa ni chuma. Lakini huyu mzee anaitikia salamu ya chuma. Siwezi kukaa na mtu huyo ndani ya kibanda kimoja."

Dereva akatoka chini ya boneti na kujieleza. "Bibi, mimi naliitikia kwa niaba yake."

"Limekutuma?"

Balozi alijaribu kila njia. Aliongelea shule, zahanati, maji ya bomba. Bibi akasema maji ya bomba atakunywa, zahanati atakwenda, ila aendeshe yule mwenye adabu, tena polepole, kwa sababu kuku wake yuko kwenye mayai na hataki ashtuke. Balozi akamtazama Dereva. Dereva akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu mfupi akifupika zaidi. Mwishowe akanipa ufunguo, na kwa kuwa kiti cha pembeni hakukiweza, akatangulia mbele ya lori kwa miguu.

Hivyo ndivyo nilivyoendesha lori kwa mara ya kwanza barabarani. Bibi pembeni yangu, tenga mapajani mwake, kuku ananitazama kwa jicho moja. Mbele yetu Dereva anatembea katikati ya njia, mkono wa kulia akiupandisha na kuushusha kunionyesha kona ambazo nilikuwa nikiziona vizuri tu. Nilikuwa na hofu ya kufa, na pia nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kila alipochoka alikaa juu ya jiwe, na mimi nikasimamisha gari kumngoja.

"Mbona tunasimama?" bibi akauliza.

"Dereva amechoka, bibi."

"Dereva si wewe?"

Niliipenda sentensi hiyo kuliko yoyote niliyowahi kuambiwa. Nikamjibu hapana, lakini nilimjibu taratibu ili ikae kidogo hewani.

Tulifika kijijini jua likiwa kali. Bibi akashuka, akamfunua kuku wake mbele ya watu wote, akahesabu mayai kwa kidole. Yote mazima, ila moja, na ndani ya hilo moja kulikuwa na kifaranga mzima, mbichi, analalamika. Watu wakashangilia. Habari ikafika Mbinga kabla yetu, na kamati ikaitwa, maana lori la pili lilikuwa limekaribia kufika. Bibi mwenyewe akamtuma balozi aje kunisemea. Nikasimama mlangoni, mikono nyuma, na mwenyekiti akauliza, "Haya, Dereva, kijana anaweza?"

Dereva akafikiri. "Bado," akasema.

"Bado vipi? Kamteremsha bibi na mayai yake."

"Yai moja limepasuka."

"Limetotolewa, Dereva. Ametoka kifaranga."

"Bibi alipotoka mlimani lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Alipofika lilikuwa zima?"

Kamati ikabishana juu ya yai lile mpaka chakula cha mchana. Mjumbe mmoja akataka kifaranga aletwe. Mwishowe lori la pili lilipokuja, akapewa dereva kutoka Songea, na mimi nikabaki na ufagio wangu. Nilikasirika kiasi kwamba kwa wiki nzima niliamkia lori bila kulitazama. Usiku wa siku ile ya kamati nilimwota baba akitengeneza nyavu.

Ajabu ni kwamba tangu hapo aliniachia usukani kila tulipofika tambarare, yeye akashuka na kutembea ufukweni akitusindikiza kwa mbali. Akaniacha nipande milima midogo. Akaniacha niteremke kwa kona chache, kisha nyingi. Mtu akimuuliza, bado. Nilikwenda Songea, nikafanya mtihani kwa polisi wa usalama barabarani, nikapata leseni, nikarudi nikamwonyesha. Akaishika mbali na macho, akasoma hata mhuri, akanirudishia. "Hii ni ya polisi," akasema. Nikapata kazi katika idara moja ya serikali, nikapewa lori langu mwenyewe, nikaoa, baba akafurahi na dada zangu wakanyamaza. Wasafiri bado waliniletea habari kutoka Mbinga: tumemuuliza Dereva juu yako, anasema bado. Mtu mzima mwenye watoto nilikuwa naumia kwa neno hilo kama nilivyoumia mlangoni kwa kamati.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu zake ilikuwa asubuhi moja ya kiangazi, alipokuwa amekwisha kustaafu. Nilikuwa natoka Mbinga na dawa za hospitali ya Liuli, watu wachache nyuma. Nikamkuta kando ya njia, fimbo mkononi, na mkewe amekaa juu ya kifurushi. Walikuwa wametembea tangu kijijini kwao Kitura kabla ya mapambazuko. Nikashuka, nikavua kofia.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mnyasa," akasema. Mama akanieleza. Binti yao wa mwisho amejifungua Liuli, mtoto wa kiume, na yeye anakwenda kumwogesha mjukuu. Mzee atamsindikiza hadi mwanzo wa mteremko, halafu atarudi kwenye maharage. Nikashangaa. Mteremko ule kwa miguu, na mama wa umri ule?

"Sijapanda gari mimi," akasema Mama. "La chama alikuwa ananipita nalo. Nimejitwika maharage ya soko, ananipigia honi, ananisalimia, anapita. Gari la wakulima."

"Na wewe ulikuwa mke wa nani?" akauliza Dereva. "Si wa dereva? Wangesema nini?"

"Na mimi nilikuwa mkulima," akasema Mama.

Watu walio nyuma ya lori wakaanza kucheka kwa chini. Mama akasimama akajikung'uta vumbi, akalitazama lori langu, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mumewe. Hakuwa na mzaha. "Nimechoka miguu. Wewe ndiye unayejua. Nipande la huyu, au nitembee?"

Pakawa kimya kweli, si kile chake cha kufundisha. Dereva akaanza kulizunguka lori. Akapiga kila tairi kwa fimbo. Akapiga magoti na magonjwa yake yote kutazama chini, ikabidi nimsaidie kuinuka. Akafungua boneti akanusa. Akaja mlangoni kwangu, akaingiza kichwa, akazitazama pedali moja moja, akazishika kwa mkono. Abiria mmoja akauliza kama tutafika leo. Nilisimama pale, mwenye leseni, mwenye mshahara, mwenye mvi mbili tatu, na kofia bado mkononi kama utingo.

Alipomaliza hakunijia mimi. Alikwenda kwa mkewe, akakiokota kile kifurushi akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akafungua mlango wa pembeni.

"Panda," akamwambia.

Mama akapanda. Dereva akamfungia mlango, akaujaribu kama umefunga, akaujaribu tena. Mimi nikazunguka upande wangu, nikakaa, na macho yalikuwa yamejaa machozi kiasi kwamba dashibodi sikuiona vizuri. Nikawasha. Nikaingiza gia. Nikaachia klachi, na lori likaruka mara moja kama chura, likazima.

Nikawasha tena. Likazima tena. Nyuma wakapiga kelele, mtu akauliza nani alimpa huyu leseni. Nikamtazama Dereva dirishani, mtu ambaye hajawahi kuacha kosa langu hata moja lipite bila somo. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Amesimama ukingoni mwa barabara na fimbo yake, anayatazama mashamba ya ngoro ya ng'ambo kwa makini sana, kama mtu ambaye hajasikia kitu, na hakugeuka mpaka lori lilipowaka na tukaondoka.